Kitambaa Ndani ya Kopo

Papa Cyrille alikuwa fundi mbao wa mtaa wa Kataki, Kalemie, na hata katika miaka ile ya mwisho ya Zaire, mishahara ilipogeuka kuwa hadithi, hakuna aliyepita mbele ya karakana yake bila kumwamkia. Yeye ndiye aliyechonga viti virefu vya parokia, vitanda vya nusu ya mtaa, na masanduku ya marehemu wengi. Hakuwa mtu wa mchezo. Alisimama wima, alisema kidogo, na suruali yake ya kaki ilipigwa pasi hata siku ya kupasua mbao. Mtu kama huyo ungemwambia kwamba uzeeni atakuwa anaficha kitambaa ndani ya kopo, angekufukuza na randa mkononi.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, kubwa, na lilikaa chini ya kitanda upande wake. Usiku haja ilimwamsha, akalala, ikamwamsha tena, na kila alipolivuta kopo alisimama pale akingoja kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Kilichotoka mwishowe ni tone. Kimya. Tone jingine. Yale matone yalipogonga bati yalipiga kelele ambayo yeye aliamini inasikika mpaka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na mkewe, Mama Philomène, alikuwa akigeuka upande wa pili na kuguna. Basi akachukua kitambaa cha zamani cha kupakia vanishi, akakitandika ndani ya kopo. Kelele ikaisha, yeye akabaki na aibu yake bila mashahidi.

Mchana nao ulikuwa na vituko vyake. Aliacha chai. Aliijua kila kona ya ukuta kati ya nyumbani na soko. Kanisani alihama kiti cha mbele, ambacho alikichonga mwenyewe na ambacho kilishazoea makalio yake, akaenda kukaa nyuma karibu na mlango. Akiulizwa alisema anahitaji hewa. Suruali za kaki aliziweka sandukuni, akaanza kuvaa nyeusi, kwa sababu nyeusi haisemi mambo ya watu. Aliona aibu asubuhi na jioni, tena ile aibu isiyo na kosa, ambayo ni mbaya kuliko zote kwa sababu huwezi hata kwenda kuiungama kwa padri.

Utasema, si aende hospitali? Ndiyo, hospitali ilikuwepo. Daktari pia alikuwepo, mmoja tu, wenzake wote walikuwa wamechoka kungoja mshahara wakaondoka. Na huyo mmoja aliitwa Nicolas, na Nicolas alikuwa mume wa Angélique, binti wa pekee wa Papa Cyrille.

Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Ukoo wa Papa Cyrille ulitoka Mpala, na katika ukoo huo ukwe haukuwa jambo la kuchezea. Siku ya harusi yeye mwenyewe alisimama mbele ya watu akamsomea kijana masharti: mkwe hali sahani moja na mzazi wa mke wake, haingii chumba anacholala, hamtazami usoni akiongea naye, na mambo yote yaliyo chini ya mkanda, yawe ugonjwa au mzaha, hayatajwi kati yao. Na ikitokea mmoja akauona uchi wa mwenzake, hata kwa bahati mbaya, mkwe huyo ataleta kuku na kusimama nje ya lupango, yaani uzio wa nyumba, mpaka aitwe. Nicolas, mtoto wa wafugaji wa Pepa kule milimani, aliinamisha kichwa akakubali kila neno. Tangu siku ile hakuwahi kukosea hata mara moja, na Papa Cyrille alijisifu kwamba mkwe kama huyo hapatikani kandokando ya ziwa lote.

Siku moja Mama Philomène alipofagia chumba, alikitoa kile kitambaa kwa ncha ya kijiti, akatoka nacho mpaka karakana.

"Papa Angélique, hii kitambaa inafanya nini mu kopo?"

"Inazuia kelele," alisema Papa Cyrille, na hakuinua macho kutoka kwenye ubao.

"Kelele! Unafikiri mi nalala? Mi niko muke yako. Nasikia vile unasimama, nasikia vile unangoja. Suruali ninafua mimi, haiko malaika. Tumwambie Nicolas."

"Mukwe? Nimwambie mukwe mambo ya suruali? Afazali nikufe."

"Basi utakufa, na sanduku utajitengenezea mwenyewe."

Walibishana mpaka jua likapanda. Mwishowe mzee akalegea kidogo, kwa sababu usiku uliopita hakulala kabisa na macho yalikuwa yanamuuma.

"Haya. Mwambie Angélique amwambie kwamba silali."

"Kwamba hulali sababu ya mukojo."

"Kwamba silali! Inatosha. Munganga ni munganga, ataelewa."

Mama Philomène alikwenda kwa binti yake akiwa na nia ya kusema yote. Alimkuta Angélique akianika mihogo uani. Alianza vizuri, akamwangalia mwanawe usoni, na ulimi ukakataa. Baba wa mtu ni baba wa mtu. Utamwambiaje mtoto kwamba yule aliyemfundisha kutembea sasa analowesha nguo? "Papa yako anaamka-amka usiku," alisema. "Hapati usingizi."

Angélique hakuwa mjinga. Alikuwa ameziona zile suruali nyeusi kwenye kamba, zimefuliwa katikati ya juma, na siku nyingine harufu ilimpokea mlangoni kabla ya baba hajamwitikia. Alielewa zaidi ya alichoambiwa. Lakini jioni, alipomwandalia mumewe ugali, aliona haya kuuleta mkojo wa baba yake mezani kwake. "Papa halali usiku," alisema.

"Sababu gani?"

"Uzee."

Nicolas alisita. Angekuwa mgonjwa mwingine, angemuuliza mengi. Alifikiri kuvuka barabara aende kuuliza mwenyewe, akajiona amesimama mbele ya mzee yule, macho chini, akimuuliza anafanya nini usiku. Aibu ilimpanda mpaka shingoni. Akachukua vidonge vidogo vya kuleta usingizi, vilevile alivyowapa watu wenye mwasho, akavifunga kwenye karatasi na kumpa mkewe apeleke.

Sasa angalia jinsi mambo yanavyoharibika bila mtu kusema uongo. Papa Cyrille alipopokea ile karatasi, moyo wake uliruka kwa furaha. Kumbe mkwe ameelewa! Hakuambiwa lolote, hakuuliza lolote, heshima imebaki mahali pake, na dawa ya mkojo imefika. Alimeza kidonge usiku huo huo kwa shukrani.

Akalala kama gogo. Alipofumbua macho ilikuwa Jumapili asubuhi, kengele ya kanisa inalia, na kopo lilikuwa kavu. Hakuamka hata mara moja! Aliligeuza kopo juu chini, akacheka peke yake, akamwita mkewe.

"Mama Angélique, leta chai. Weka sukari. Leta na kikombe ya pili."

Akatoa suruali ya kaki sandukuni. Kanisani alitembea mpaka mbele, kwenye kiti chake, akawasogeza waliokuwa wamekikalia. Aliimba besi kwa sauti iliyowafanya watoto wageuke. Tumbo lilikuwa zito kidogo, lakini akalaumu chai. Walipofika matoleo, ule uzito ukawa maumivu. Alitoka taratibu, mkono kiunoni, akaenda nyuma ya ukuta wa kanisa, akasimama, akangoja. Hakukutoka kitu. Hata yale matone yake, aliyoyachukia hivyo, hayakuja.

Alirudi nyumbani amekunja uso, na huko akafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya akiwa na dawa ya mkojo na mkojo umekataa: akameza kidonge kingine. Ilipofika adhuhuri tumbo chini ya kitovu lilikuwa gumu, limevimba, na jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Alishindwa kukaa, akashindwa kulala. Mama Philomène hakuuliza ruhusa tena. Alimwita jirani yao Assumani, muuza ndagala, wakampakia mzee kwenye mkokoteni wake mwenyewe wa kubebea mbao, wakaanza kusukuma.

"Iko na nini?" watu waliuliza njiani.

"Malaria," Papa Cyrille alijibu akiwa ameuma meno.

"Malaria ya wapi hii, Papa," Assumani alinong'ona huku akisukuma, "malaria inashikwa na mikono mbili chini ya tumbo?"

Kila jiwe la barabara lilimpiga kibofuni. Lakini nakwambia, maumivu yale hayakumtesa kama wazo la mtu aliyekuwa anamngoja mwisho wa safari.

Hospitalini muuguzi mwanaume, Déogratias, alikuwa amekwenda Moba msibani. Aliyekuwepo zamu ni Monique, ambaye kwa miaka mingi aliimba kanisani pamoja na Papa Cyrille. Mzee alipomwona tu alikamata mkanda wake kwa mikono miwili. Monique akaelewa, akatoka kumwita daktari.

Nicolas alifika mbio. Alipoona ni nani yuko kitandani alisimama mlangoni, akageukia ukuta.

"Hodi, Papa."

"Usiingie."

"Papa, Monique ameniambia. Lazima tuweke mupira, mukojo itoke. Ikikaa, itarudi mu figo. Itakuua."

"Mukwe haoni uchi ya mukwe. Tafuta muntu mwingine."

"Muntu mwingine haiko."

Mama Philomène, nje ukumbini, alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, kwa sababu naye hakuruhusiwa kuwa chumba kimoja na mkwe wake katika jambo kama hilo. Nicolas aliuliza, bado anautazama ukuta.

"Papa, ile dawa nilituma, ulikunywa?"

"Nilikunywa. Jana, na leo tena."

"Leo? Mchana? Kwa nini?"

"Si ni dawa ya mukojo?"

Papa Cyrille aliyaona mabega ya mkwe wake yakishuka. Daktari aliweka paji la uso kwenye ukuta.

"Papa, ile ilikuwa dawa ya usingizi. Niliambiwa hulali. Muntu mwenye shida ya mukojo hapewi ile, inamufunga kabisa. Kama ningejua..."

Hakuna aliyemdanganya mzee. Neno lilitoka kinywani mwake limekatwa nusu, yeye ndiye aliyelikata, na lilivyokatwa ndivyo lilivyofika. Kila mmoja njiani aliongeza heshima yake kidogo, na sasa heshima hiyo yote ilikuwa imejaa kibofuni mwake inataka kumpasua. Aliona aibu mpya, kubwa kuliko ile ya kopo: aibu ya mtu mzima aliyekaribia kufa kwa sababu ya kushindwa kutamka neno ambalo mtoto wa chekechea analitamka kwa mwalimu.

Akavua koti lake la kanisani, akajifunika uso na masikio.

"Fanya kazi yako, munganga," alisema chini ya koti. Hakumwita mkwe.

Nicolas alifanya kazi yake. Mikono ilikuwa baridi. Halafu maji yakaanza kutoka, mengi, yakaenda kwenye chombo, na raha iliyomjia ilikuwa kubwa hata akalia. Alilia kwa raha na kwa haya pamoja, na koti likanywa machozi yote.

Baadaye Nicolas alikaa kwenye kiti, ameupa mgongo ule uso uliofunikwa, akaeleza. Alisema kuna tezi inayokua kwa wanaume wakizeeka, inabana njia, si ugonjwa wa aibu wala wa uzinzi. Alisema kuna kidonge kinacholegeza nyama pale shingoni mwa kibofu. Kinywewe usiku, mtu akiwa ameshakaa kitandani, kwa sababu kinashusha tansiyo, yaani presha ya damu, na asisimame kwa haraka. Alieleza vizuri, taratibu, kama anavyopaswa. Lakini mzee alikuwa bado chini ya koti, masikio yanavuma, na maneno aliyoyashika yalikuwa mawili tu: kidonge, kila siku.

Déogratias aliporudi kutoka msibani ndiye aliyetoa mpira. Papa Cyrille akarudi nyumbani, na kidonge alikimeza kila asubuhi na chai, kabla ya kwenda karakana. Mkojo ulianza kupata njia. Haukuwa kama wa ujana, lakini ulikuwa mkojo. Tatizo lilikuwa jingine: kila alipoinuka kutoka kwenye ubao, karakana ilizunguka. Asubuhi moja ilizunguka mpaka akajikuta chini, goti limechubuka, randa imeruka kule. Mama Philomène alikuja mbio. Mzee akamwambia ameteleza kwenye maranda.

Jioni hiyo hiyo Angélique aliingia uani.

"Papa, Nicolas anauliza dawa inaendelea namna gani."

Midomo ya Papa Cyrille ilikuwa imeshajiandaa yenyewe. "Mwambie ni muzu..." akaanza, akakwama. Goti lilikuwa linamuuma chini ya suruali. Aliliona lile neno likiondoka tena: kutoka kwake kwenda kwa Angélique, kutoka kwa Angélique kwenda kwa mumewe, limepambwa vizuri, halina habari yoyote ndani yake. Na aliona kitakachorudi.

"Yeye mwenyewe iko wapi?"

Angélique akainamisha kichwa. "Inje, kwa barabara. Na kuku yake. Kila mangaribi anakuja anasimama, kisha anarudi. Alisema hawezi kuingia mupaka umwite."

Kuku! Papa Cyrille alikuwa amesahau kuku. Sharti lile alilitoa mwenyewe mbele ya watu, na huyu kijana aliyemwokoa roho alikuwa anasimama barabarani kila jioni kulitimiza kana kwamba ameiba. Mzee aliinuka, akashika nguzo mpaka dunia ikatulia, akatoka mpaka kwenye lupango.

Nicolas alikuwa ng'ambo ya matete, kuku jike mwekundu kwapani, macho kwenye viatu vyake. Ilikuwa saa ya watu kurudi kutoka sokoni. Mama mmoja alikuwa anapita na beseni, vijana wa baiskeli walikuwa wanapita, na Assumani naye alikuwa anapita na kapu lake la ndagala. Papa Cyrille alisikia masikio yakianza kuwaka. Aibu haikuwa imekwenda popote. Ilikuwepo yote, nzima.

"Mukwe," aliita.

"Papa."

"Mukojo inatoka."

Alikuwa mwimbaji wa besi, kunong'ona hakujui. Nyuma yake sufuria ya Mama Philomène iligonga jiwe. Mama wa beseni alisimama. Assumani alisimama pia, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akakosa mzaha.

"Inatoka muzuri kupita zamani," Papa Cyrille aliendelea, na kila neno alilisukuma kwa nguvu. "Lakini mwishoni bado inadondoka. Na ile kidonge inaniangusha. Leo nimeanguka mu karakana. Nilimudanganya mama yenu."

Nicolas aliinua uso. Tangu siku ya harusi hawakuwahi kutazamana.

"Unakunywa saa gani, Papa?"

"Asubuhi, na chai."

"Papa! Nilisema usiku, ukiwa umekaa juu ya kitanda!"

"Nilikuwa na koti kwa masikio."

Angélique alicheka, akajiziba mdomo, kisha machozi yakamtoka. Nicolas hakucheka. Alimbana yule kuku mpaka kuku akalalamika.

"Papa, makosa ni yangu. Nilituma dawa bila kuuliza. Nilisikia haya kuuliza."

"Na mi nilisikia haya kusema. Na sanduku langu angetengeneza nani? Fundi njo mimi." Mzee alifungua mlango wa lupango kwa mkono wake. "Ingia. Leta ile kuku, mama atapika, tutakula. Lakini mbele ya kuingia, ile swali ulipaswa kuniuliza ile siku ya kwanza, niulize sasa. Hapa."

Nicolas alitazama barabara. Watu walikuwa wameongezeka, wala hawakujifanya wanapita.

"Papa," alisema, "usiku unaamka mara ngapi kukojoa?"

Papa Cyrille aliitazama ile barabara yote aliyoifichia suruali zake kwa muda mrefu, mashavu yanamchoma kwa haya, akamjibu.